Je, Wajua? Sheria ya wanyamapori nayo huhitaji kulindwa

Askari wa hifadhi akilala, jangili huingia. Sheria ikilala, huingia wengi zaidi, tena mchana kweupe na wamevaa suti. Soma haya, kisha umsomee na jirani.

Je, wajua kwamba Tanganyika iliahidi kuwatunza wanyamapori kabla haijajitawala? Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori. Usilichanganye na Azimio la Arusha, lililokuja 1967.

Je, wajua kwamba katika miaka kumi tu Afrika ilipoteza nusu ya tembo wake? Mwaka 1979 walikadiriwa kuwa milioni 1.3. Mwaka 1989 walikuwa wamebaki kama 600,000. Pembe zao zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa kwa vibali, chini ya macho ya serikali.

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuidai marufuku ya biashara hiyo? Mwaka 1989 ndani ya nchi kulikuwa na Operesheni Uhai, iliyowasaka majangili kwa nguvu ya dola. Mwaka huohuo Kenya ilichoma tani 12 za pembe, na moto ukawashwa na Rais Moi mwenyewe. Oktoba, wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, walikutana Lausanne, Uswisi, wakamwingiza tembo wa Afrika kwenye Kiambatisho cha Kwanza, wanakowekwa viumbe wasioruhusiwa kuuzwa kimataifa kibiashara.

Je, wajua kwamba Tanzania hiyohiyo, miaka 21 baadaye, iliomba kulegezewa kamba? Mwaka 2010, mkutano wa CITES ulipofanyika Doha, iliomba ruhusa ya kuuza takriban tani 90 za pembe zilizokuwa ghalani. Kenya ilipinga. Ombi likakataliwa.

Je, wajua kilichokuwa kikiendelea porini wakati huo? Sensa ya 2009 ilihesabu tembo 109,000 hivi Tanzania nzima. Ya 2014 ilikuta 43,000. Sheria mpya ya wanyamapori ilikuwa imepitishwa mwaka 2009 na ilikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana ni wa kuisimamia.

Je, wajua kwamba twiga waliwahi kupanda ndege? Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walisafirishwa kwa ndege ya kijeshi kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro hadi Qatar. Twiga ndiye mnyama wa taifa. Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu mshtakiwa mkuu kifungo cha miaka 60, lakini hukumu ilisomwa yeye mwenyewe akiwa ameshatoroka.

Je, wajua kwamba si kila kigogo hutoroka? Februari 2019, Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimfunga Yang Feng Lan, aliyejulikana kama Malkia wa Meno ya Tembo, miaka 15 kwa kesi ya uhujumu uchumi. Vipande vya meno vyenye thamani ya zaidi ya Sh13 bilioni ndivyo vilivyomfikisha huko.

Je, wajua kwamba nchini Kenya faini ya juu ya kuua ndovu iliwahi kuwa Sh40,000? Kwa anayevuna mamilioni, hizo zilikuwa pesa za chai. Sheria ya 2013 ilipandisha faini ya makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka, kuanzia Sh20 milioni, au kifungo cha maisha, au vyote viwili.

Je, wajua kwamba nyumbu wa Serengeti walishinda kesi? Serikali ya Tanzania ilipotaka kupitisha barabara ya lami kaskazini mwa hifadhi, kwenye njia ya uhamaji wao, shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya lilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2014 majaji waliamua kwamba lami hiyo ingekiuka Mkataba wa Jumuiya. Nyumbu hawajui mpaka wa nchi. Safari hii sheria nayo iliuvuka.

Je, wajua gharama ya sheria kuchelewa? Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba na anayezaa badala ya kutaga, aligunduliwa 1996 chini ya maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza, na tathmini ya mazingira ilikuwa imepita bila kumtaja. Maji yalipogeuzwa, manyunyu yakakatika. Ugonjwa wa kuvu ukafuata. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kilichomwokoa ni chura 500 hivi waliopelekwa mapema Marekani. Mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi, ambako manyunyu sasa hutoka kwenye mabomba.

Je, wajua kwamba kakakuona alipata ulinzi kamili juzi tu? Ni mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES huko Johannesburg, ndipo aina zote nane za kakakuona, za Afrika na za Asia, zilipoingizwa Kiambatisho cha Kwanza. Akitishwa hujikunja. Simba hushindwa kumfungua, lakini binadamu humwokota tu na kumtia gunia.

Je, wajua kwamba sheria hizi humhusu pia mkulima aliyelala njaa kwa sababu ya tembo? Tanzania ina kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Sheria ya Kenya ya 2013 iliweka Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa. Malipo yakikawia, mwanakijiji huona kwamba sheria inamjali mnyama peke yake, na jangili hupata mwenyeji. Anayetaka sheria idumu adai malipo hayo kwa sauti ileile anayodaia ndovu.

Je, wajua kwamba jino la tembo ulilookota porini si lako? Ni nyara ya serikali. Ukilikuta, toa taarifa. Ukikaa nalo ndani, wewe ndiwe utakayetakiwa kueleza mahakamani ulikolipata.

Je, wajua kwamba ulinzi huu wote waweza kufutwa kwa kura? Wanachama wa CITES hukutana kila baada ya miaka miwili au mitatu. Theluthi mbili ya kura zilizopigwa hutosha kumtoa mnyama Kiambatisho cha Kwanza, na kila nchi ina kura moja. Kura ya nchi yako hupigwa na maofisa wa serikali kwa niaba yako. Kabla hawajapanda ndege, muulize mbunge wako: wanakwenda kusema nini?