Kabla Hujasambaza Video ya Kumchangia Jirani

Umeombwa kurekodi video fupi ya kumchangia jirani anayehitaji kiti cha magurudumu. Simu unayo, na watu wa mtaa wako tayari kutoa. Tuongee basi kuhusu kitu ambacho wengi hukiacha mpaka dakika ya mwisho: namba ya kutuma pesa.

Video ikishaingia WhatsApp, si yako tena. Wakora huichukua, wakaandika namba yao chini yake na kuipeleka kwa magrupu mengine. Kwa hivyo usiandike namba kwenye maelezo pekee. Iweke ndani ya video yenyewe, ionekane mwanzo hadi mwisho, na mhusika aitaje kwa sauti pamoja na jina litakalotokea wakati wa kutuma. Sema waziwazi: likitokea jina lingine, usitume. Sauti itamfaa asiyeona, na maandishi yatamfaa asiyesikia.

Sasa, namba ya nani? Paybill ya chama au ya kanisa ni afadhali, mradi watu zaidi ya mmoja wanaona hesabu. Kumbuka pia laini ya mtu binafsi haishiki zaidi ya KSh 500,000. Mkitumia laini, iwe ya mhusika mwenyewe. Asiyeweza kutembea anaweza kutunza PIN yake, ingawa siku ya mchango hawakosi jamaa wa "kumsaidia" kuishika!

Mhusika akubali kurekodiwa, na aione video kabla haijatoka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ruhusa. Kitambulisho na barua ya hospitali visionekane. Inatosha aseme anahitaji nini, ni bei gani, na mmefikisha ngapi.

Namba ikishaenea, tarajieni simu. Kuna atakayedai ametuma pesa kimakosa na anataka zirudishwe haraka. Angalieni salio kwanza, si ile SMS. Hata kama pesa ziliingia kweli, msimrudishie wenyewe. Mwambieni aombe kurudishiwa kupitia kwa kampuni. Mwingine atajifanya mhudumu wetu na kuuliza PIN. Sisi hatuulizi PIN. Kata simu.

Kiasi kikitimia, tuma video nyingine kusema mchango umefungwa. Ile ya kwanza itaendelea kuzunguka hata baada ya kiti kununuliwa.