KUCHAGUA MASHINE YA UPEPO KWA KARAKANA NDOGO



Katika karakana ndogo ya kijijini, iwe ya chama au ya mwanachama nyumbani kwake, mashine ya upepo (kompresa) ni chombo chenye kazi nyingi. Hujaza tairi za baiskeli, pikipiki na trekta, hupuliza vumbi katika injini, na hutumika kupaka rangi matela. Lakini pia ni rahisi kuinunua vibaya.

Katika ukaguzi nilikuta chama kimoja kilichotumia makato ya mazao kununua mashine yenye tangi la lita 200 na mota ya nguvu farasi 2 tu. Wajumbe walivutiwa na ukubwa wa tangi. Fundi alipoanza kupaka rangi tela, upepo uliisha kila baada ya dakika chache. Mota ilizunguka kutwa bila kupumzika, na kabla msimu haujaisha ikaungua. Yafaa ieleweke kwamba tangi ni ghala, si shamba. Ghala kubwa halizalishi hata gunia moja la mahindi.

Kabla ya kununua, yapimwe mambo manne yafuatayo:

1. Wingi wa upepo. Huu hupimwa kwa lita kwa dakika. Kupuliza rangi kwa kawaida huhitaji lita 200 hadi 400 mfululizo, na kila nguvu farasi moja hutoa kiasi cha lita 100. Muuzaji aulizwe upepo unaotoka, si ule unaovutwa, kwa kuwa unaotoka hupungua kwa robo au hata theluthi.

2. Msukumo. Tairi la lori huhitaji baa 7 au 8, na la pikipiki baa 2 hivi. Tairi la nyuma la trekta huhitaji baa 1 hadi 1.5 tu, ingawa humeza upepo mwingi. Mashine ya baa 10 hutosha kazi zote hizi.

3. Nishati. Umeme wa njia moja wa volti 230 hufaa mota isiyozidi nguvu farasi 3 hivi. Kubwa zaidi huhitaji njia tatu. Waya mrefu na mwembamba hudhoofisha umeme na kuunguza mota. Ni afadhali kurefusha mpira wa upepo. Pasipo na umeme wa kutegemewa, inunuliwe ya injini ya petroli, nayo iwekwe nje kwa sababu ya moshi wake.

4. Usalama. Upepo ukibanwa hutoa maji, nayo hukaa chini ya tangi na kulila kwa kutu. Maji yafunguliwe kila jioni. Tangi lililoliwa na kutu lisichomelewe kiraka, wala valvu ya usalama isikazwe ili kuongeza msukumo. Tangi likipasuka huua. Katika vumbi la Handeni wakati wa kiangazi, chujio lisafishwe mara kwa mara.

Kwa upande wa vyama, Katibu apate hati za bei kutoka kwa wauzaji watatu, uamuzi uandikwe katika muhtasari wa kikao, na mashine iingizwe katika daftari la mali za kudumu. Fundi atakayeitumia aitwe kikaoni kabla fedha hazijatoka, maana yeye ndiye ajuaye kazi zinazoisubiri.