Kaboni kidogo kwenye kalibu za plastiki

Kalibu za ndoo, beseni, viti na kreti za soda, au moldi kama zinavyoitwa viwandani, huchongwa kwenye feleji yenye kaboni kidogo. Feleji nyingi za kukatia chuma huwa na kaboni inayokaribia au kuzidi asilimia 1. Za kalibu kwa kawaida hazizidi asilimia 0.40, na baadhi hazifiki hata asilimia 0.10. Sababu ni ya gharama kama ilivyo ya kikemia. Plastiki iliyoyeyuka haikati wala haigongi, na bei ya kalibu hutokana zaidi na saa za mashine za kuchonga na za mafundi wa kung'arisha kuliko kilo za chuma. Feleji inayochongeka kwa urahisi huokoa fedha kabla ndoo ya kwanza haijatoka.

Marekani imezipa feleji hizi herufi P. Aina za P2 hadi P6 ni laini mno zikitoka kiwandani, kiasi kwamba umbo la bidhaa liliweza kuchapwa ndani yake kwa kukandamiza nondo ngumu iliyochongwa umbo hilo, bila kukata chochote. Baadaye pande hilo huwekwa kwenye tanuru lenye kaboni, ngozi yake huinywa, kisha hupozwa ghafla: nje hufikia ugumu wa Rockwell C 58 au zaidi, ndani hubaki bila kuvunjika ovyo. P6 huongezewa nikeli ya takriban asilimia 3.5 ili kiini kiwe kikakamavu. Kwa kuwa sasa mashine za kompyuta huchonga karibu umbo lolote, uchapaji huo umepungua sana.

Inayotawala soko leo ni P20. Ina kaboni ya asilimia 0.28 hadi 0.40, kromi ya asilimia 1.4 hadi 2.0 na molibdeni ya asilimia 0.30 hadi 0.55. Huuzwa ikiwa imekwisha kutiwa ugumu wa Rockwell C 28 hadi 32, ambao mashine bado huumudu. Faida yake kubwa iko hapo: kalibu iliyochongwa hairudi tena kwenye tanuru, ambako ingeweza kupinda au kupasuka baada ya wiki za kazi.

Unene una mambo yake. Pande la milimita 500 kwa 400 kwa 300 lina uzito wa kilo 470 hivi, na likipozwa, katikati hupoa polepole kuliko kingo, hivyo kiini huweza kubaki laini. Wajerumani hulitatua hilo kwa aina ya 1.2738, ambayo ni P20 iliyoongezwa nikeli ya takriban asilimia 1. Ndugu yake 1.2312 hutiwa salfa ili ichongeke upesi, lakini haifai kwa kioo cha taa au chombo kinachotakiwa kung'aa, kwa sababu punje za salfa huacha vishimo chini ya msasa.

Ukarabati nao huonyesha tabia ya chuma. Fundi akichomelea ukingo uliolika bila kwanza kupasha kalibu moto, sehemu iliyopoa ghafla huwa ngumu kuliko jirani yake na huweza kupata nyufa. Hata isipopasuka, mstari wake hujitokeza wakati wa kung'arisha, na kila beseni litakalotoka litaubeba.

Viwanda vya plastiki vya Afrika Mashariki huagiza kalibu nyingi kutoka China, ambako wilaya ya Huangyan mkoani Zhejiang inajulikana kwa kazi hiyo, na kutoka India. Neno "P20" kwenye ankara halitoshi. Kwa viwango vya Marekani, kalibu ya mizunguko milioni moja na zaidi hudai ugumu wa Rockwell C 48, ambao P20 ya kawaida haiufikii; Rockwell C 28 huendana na kazi isiyozidi mizunguko 500,000. Mnunuzi makini hudai cheti cha kiwanda kilichoyeyusha feleji, na kalibu inapofika huipima ugumu mahali zaidi ya pamoja. Kwa mabomba ya PVC swali hubadilika: plastiki hiyo ikipita joto lake hutoa gesi ya asidi inayokula P20, na hapo hutakiwa feleji isiyoshika kutu, yenye kromi ya asilimia 13 au zaidi, ingawa ni ghali zaidi.