Bomba la kiwandani lipimwe kwa maji, si kwa hewa

UKIENDA hospitalini, muuguzi hukufunga mkanda mkononi akakupima presha kabla hujamwona daktari. Mabomba ya kiwandani nayo yana presha. Yasipopimwa ipasavyo, anayeumia ni mfanyakazi aliyesimama kando yake.

Viwanda vingi, vikiwemo vya majani chai, sabuni na nguo, hutegemea mabomba ya mvuke, maji na hewa iliyoshindiliwa. Bomba likiwa jipya, au likikatwa na kuchomelewa upya, ni lazima lijaribiwe kabla ya kutumika. Kiungio dhaifu kikiachilia mvuke, ngozi huungua mara moja, na anayeuvuta anaweza kuungua koo na njia za pumzi.

Je, jaribio hilo hufanywaje? Bomba hujazwa maji, kisha presha huongezwa polepole kwa pampu. Kanuni za ASME B31.3, zinazotumiwa na wahandisi katika nchi nyingi, zinataka presha ya jaribio isipungue mara moja na nusu ya ile ambayo bomba liliundiwa. Kwa hivyo, bomba la pauni 150 kwa kila inchi mraba hujaribiwa kwa pauni 225. Presha hiyo hudumishwa kwa muda usiopungua dakika 10, huku kila kiungio kikikaguliwa.

Huenda ukauliza, kwa nini maji? Sababu ni kwamba maji hayashindiliki kwa urahisi. Lita 1,000 za maji kwenye presha ya pauni 225 hupungua kwa chini ya lita moja. Bomba likipasuka, maji hutoka na presha huisha papo hapo.

Hewa sivyo. Ili kufikisha presha hiyo katika nafasi ya lita 1,000, hewa inayozidi lita 16,000 hushindiliwa humo. Bomba likipasuka, hewa hiyo yote hutafuta njia ya kutoka kwa ghafla. Nguvu yake inakaribia ile ya nusu kilo ya baruti ya TNT, na vipande vya chuma huruka kama risasi.

Hata hivyo, wako wanaopendelea kompresa kwa sababu kujaza maji, kuyatoa na kukausha bomba huchukua muda. Kanuni huruhusu hewa pale tu ambapo maji hayafai, na hata hapo presha hupunguzwa hadi takriban mara 1.1. Kazi huanza kwa presha ndogo isiyozidi pauni 25, kisha hupandishwa hatua kwa hatua, watu wakiwa mbali.

Ikiwa wewe, mumeo au mwanao anafanya kazi hii, zingatieni yafuatayo:

• Hewa yote itolewe katika sehemu za juu za bomba linapojazwa maji. Hewa iliyonaswa humo hurudisha ile hatari iliyokuwa ikiepukwa.

• Geji iwe imekaguliwa, na pawe na vali ya usalama.

• Wasiohusika na jaribio waondoke.

• Usikaze bolti wala kugonga bomba likiwa na presha. Kiungio kikivuja, presha itolewe yote kwanza.

• Usielekeze hewa ya kompresa mwilini wala kujipangusia vumbi nayo. Inaweza kupasua kiwambo cha sikio au kupenya ndani ya mwili kupitia kidonda.

Mtu akiungua kwa mvuke, mwondoeni mahali pa hatari, kisha mwagieni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake mafuta, dawa ya meno wala yai. Mpelekeni hospitalini bila kuchelewa, hasa ikiwa ameungua usoni au anapumua kwa shida.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humlinda kila aliye kazini, awe ameajiriwa kwa muda au kwa kudumu. Hivyo hata kibarua wa siku moja ana haki. Ukiona hatari kubwa, mwarifu msimamizi wako. Mwajiri hafai kukurudisha mahali hapo hadi hatari iondolewe.

Kwa hivyo, kabla hujasimama kando ya bomba linalojaribiwa, uliza limejazwa nini. Ukiambiwa ni hewa, jitenge nalo.