Sahihi Chini ya Fomu Haizuii Kesi

Tarehe 30 Novemba 2015, milio ya risasi ilisikika katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi. Wanafunzi na wafanyakazi walitawanyika, wengine wakajificha chini ya meza, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Yalikuwa mazoezi ya usalama. Mfanyakazi mmoja alifariki kutokana na majeraha ya kuruka, na watu wengi waliumia. Miezi minane kabla ya hapo, tarehe 2 Aprili, watu 148 walikuwa wameuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, kwa hiyo chuo chochote kilichotaka kuwaandaa watu wake kilikuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo.

Sitoi hukumu juu ya kisa hicho. Nakitaja kwa sababu kinatufikisha moja kwa moja kwenye swali ambalo sheria ya uzembe huanza nalo. Kati ya Garissa na Strathmore kulitokea jambo jingine ambalo wengi wamelisahau. Tarehe 12 Aprili mwaka huohuo, siku kumi tu baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa. Waliruka madirishani na kukanyagana. Mmoja akafariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa, ilhali hapakuwa na mshambuliaji hata mmoja. Kuanzia alfajiri ile, ilikuwa vigumu kwa msimamizi yeyote wa chuo nchini kudai kwamba hakujua mlio mmoja unaweza kufanya nini kwa vijana wenye hofu.

Hapo ndipo hakimu anapoanzia: je, mtu mwenye busara, akiwa katika nafasi yako na kwa habari ulizokuwa nazo, angeona kwamba madhara haya yanaweza kutokea? Na kama angeyaona, angefanya nini ambacho wewe hukukifanya?

Sheria ya Kenya, kama ya Tanzania na Uganda, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi uliowekwa na kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932. Mdai lazima athibitishe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kumchunga, kwamba aliuvunja wajibu huo, na kwamba madhara yametokana na uvunjaji huo. Hapa kuna nafuu ambayo watu wa vyuo hawaitumii vya kutosha, nayo ni kwamba sheria haidai kuondoa kila hatari. Katika kesi ya Bolton dhidi ya Stone ya mwaka 1951, mwanamke aliyepigwa na mpira wa kriketi akiwa barabarani alishindwa, kwa sababu mpira ulikuwa umevuka uzio mara sita hivi tu katika muda wa miaka 30. Mahakama hupima uwezekano wa jambo kutokea, ukubwa wa madhara yake, na gharama ya kulizuia. Kwa hiyo kuzuia michezo, safari na tamasha si matakwa ya sheria, na ningesikitika sana kuona chuo kikifuta klabu yake ya kupanda milima kwa hofu ya mawakili.

Kinachonitia wasiwasi ni fomu. Kabla ya safari, wanafunzi hugawiwa karatasi yenye sentensi moja inayotegemewa kuliko maandalizi yote: kwamba mwanafunzi anakwenda kwa hiari yake na chuo hakitawajibika kwa lolote litakalompata. Karatasi zikishakusanywa, watu huona kazi imekwisha.

Mahakama husoma maneno ya namna hiyo kwa jicho kali na humwelekezea shaka yule aliyeyaandika. Juu ya hilo, mtu anayekubali hatari hukubali zile zinazokaa ndani ya shughuli yenyewe na ambazo anazijua. Mchezaji wa raga akiingia uwanjani amekubali kuangushwa. Hajakubali kuangushwa juu ya kipande cha nondo kilichosahauliwa na mafundi waliojenga jukwaa. Mwanafunzi anayepanda basi amekubali safari ndefu yenye vumbi, wala hajakubali dereva aliyekesha usiku kucha akiendesha gari jingine. Sahihi yake haimbadilishi dereva huyo, na wala haitawanyamazisha wazazi watakaouliza nani alimchagua.

Hata hivyo fomu ina kazi nzuri ikiandikwa vizuri. Ikizitaja hatari kwa majina, ikaeleza chuo kimefanya nini kuzipunguza na mwanafunzi anatakiwa kufanya nini, inakuwa ushahidi kwamba alielezwa na akaelewa. Ikiwa alielezwa asivuke kamba na akaivuka, mahakama inaweza kupunguza fidia yake kulingana na mchango wake katika ajali.

Nichukue mfano unaojulikana. Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, hupendwa na vikundi vya vijana kwa sababu ya korongo lake la Njorowa. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa humo waliposombwa na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 watu saba wengine wakafa kwa namna ileile. Mvua inaweza kunyesha mbali, mahali msipoiona, na maji yakawafikia mkiwa katikati ya kuta za mawe msipoweza kupanda. Sasa klabu ya wanafunzi inapopanga safari ya huko mwezi wa Aprili, haiwezi tena kuzungumzia bahati mbaya. Mambo hayo yamechapishwa magazetini mara mbili.

Karatasi ya maandalizi ya safari hiyo ningetaka ijibu maswali ya kawaida kabisa. Nani atawapigia simu askari wa hifadhi asubuhi ileile kuuliza hali ya mvua? Tukiambiwa korongo limefungwa, tutakwenda wapi badala yake? Nani ana mamlaka ya kusema turudi? Swali hili la mwisho ndilo linaloshinda safari nyingi. Mwenyekiti wa klabu ni kijana wa miaka 20, nyuma yake kuna wenzake 40 waliochanga nauli, na wengine wameshaanza kupiga picha. Ukimwachia uamuzi huo pale pale, peke yake, umemtwika mzigo usio wake. Uamuzi lazima uwe umefanyika Nairobi, umeandikwa, na kila mtu ameusikia: mvua ikinyesha hatuingii, na mchango wa kiingilio utarudishwa. Neno hilo la kurudishiwa fedha lina uzito kuliko hotuba yoyote ya usalama, maana watu wengi huendelea na safari mbaya kwa sababu wameshailipia.

Lakini tukizungumzia vifo vya wanafunzi wetu walio katika shughuli za chuo, hatari ambayo hatuwezi kuikwepa ni barabara. Tarehe 18 Machi 2024, basi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliokuwa wakielekea Mombasa kwa ziara ya masomo liligongana na trela huko Maungu, karibu na Voi. Wanafunzi 11 walifariki na makumi wakajeruhiwa.

Kisheria, basi likiwa la chuo na dereva akiwa mwajiriwa wa chuo, uzembe wa dereva akiwa kazini hubebwa na mwajiri wake, hata kama mwajiri hakukosea chochote. Basi likikodiwa, dhima hiyo huhamia kwa mwenye basi, na wasimamizi wengi hufikiri hapo wamepona. Hawajapona. Kubaki salama kisheria kunategemea jinsi walivyochagua: kama waliona leseni ya gari na ya dereva, kama waliona cheti cha bima, na kama ratiba waliyoipanga inawezekana. Sheria ya barabarani ya Kenya inakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya jumla ya saa nane ndani ya kipindi cha saa 24. Klabu inayotaka kwenda Kisumu na kurudi Nairobi siku hiyohiyo kwa dereva mmoja imepanga kuvunja sheria kabla basi halijawashwa, na ratiba hiyo, yenye muhuri wa ofisi iliyoiidhinisha, itakuwa karatasi ya kwanza ambayo wakili wa mdai ataiomba.

Bima nayo haifiki wanakofikiri. Chini ya sheria ya bima ya magari ya Kenya, Sura ya 405, kiwango ambacho bima ya lazima inatakiwa kumlipia mtu mmoja kina mwisho wake, shilingi milioni 3. Kwa mwanafunzi wa miaka 21 aliyevunjika uti wa mgongo, atakayehitaji mtu wa kumhudumia maisha yake yote, kiasi hicho kitakwisha mapema. Salio linadaiwa kwa yule aliyepatikana na hatia ya uzembe, na kama ni kampuni ya basi moja lililonunuliwa kwa mkopo, hukumu inaweza kubaki maandishi matupu. Ndiyo maana chuo kinapaswa kuwa na bima yake ya ajali kwa wanafunzi, inayolipa bila kusubiri nani alikosea, na mwanafunzi anapaswa kujua kama inamfuata nje ya lango au inaishia getini.

Kuna jambo ambalo viongozi wa wanafunzi hushtuka wanapolisikia. Chuo kikuu ni nafsi ya kisheria. Kinaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Klabu ya tamthilia au chama cha wanafunzi wa wilaya fulani, kama hakijasajiliwa kwa namna inayokipa nafsi hiyo, si mtu mbele ya sheria, hata kikiwa na katiba, muhuri na fulana zenye nembo. Klabu hiyo ikikodi mahema na vipaza sauti kwa tamasha, mkataba hauwezi kuwa wa klabu. Ni wa yule aliyeweka sahihi, mara nyingi mweka hazina ambaye hakuusoma ukurasa wa pili. Hema likiungua, anayedaiwa ni yeye. Namshauri kila kiongozi wa klabu asiweke sahihi kwenye mkataba wowote kabla ofisi ya masuala ya wanafunzi haijaueleza kwa maandishi msimamo wake: mkataba huu ni wa chuo, au si wa chuo. Akijibiwa kwa mdomo tu, ajue bado hajajibiwa.

Wapo wasimamizi ambao, wakishayasikia haya, huamua kukaa mbali. Wanasema tukisimamia tutawajibika, basi tuwaache vijana wafanye mambo yao. Fikra hiyo ilipata nguvu Marekani baada ya hukumu ya Bradshaw dhidi ya Rawlings ya mwaka 1979, ambapo mahakama ya rufaa ilikataa kukiwajibisha chuo kwa ajali iliyotokana na ulevi katika hafla ya wanafunzi, kwa hoja kwamba hao ni watu wazima na chuo si mlezi wao.

Kukaa mbali kulionekana sura yake katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Huko, tangu 1909, wanafunzi walikuwa na desturi ya kuwasha moto mkubwa kabla ya mechi dhidi ya mahasimu wao, na rundo lilizidi kukua kadiri miaka ilivyopita. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1999, rundo la magogo yapatayo 5,000, lenye urefu wa kama meta 18, liliporomoka likiwa bado linajengwa. Watu 12 walikufa na 27 wakajeruhiwa. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba ule ulikuwa mjengo mkubwa uliosimamishwa na wanafunzi kwa maarifa ya kurithishana, bila usimamizi wa kihandisi uliostahili, katika chuo kinachofundisha uhandisi. Wasimamizi walikuwa wamehangaika zaidi na pombe na utovu wa nidhamu pembezoni mwa shughuli kuliko na uimara wa rundo lenyewe. Familia zilikwenda mahakamani, na kesi zikachukua miaka.

Sheria ya Marekani yenyewe haikubaki pale ilipokuwa mwaka 1979. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya California iliamua, katika kesi ya mwanafunzi aliyechomwa kisu na mwenzake ndani ya maabara, kwamba chuo kikuu kina wajibu wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya ukatili unaotabirika wanapokuwa katika masomo au shughuli zinazofungamana nayo. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, lakini mawakili wetu huzisoma hukumu kama hizo.

Nimalizie na mwanafunzi aliyeumia, kwa sababu katika mambo haya yote yeye ndiye anayeelezwa kidogo kuliko wote. Mara nyingi hupelekwa hospitali, akachangiwa na wenzake, akarudishwa nyumbani, na hakuna anayemwambia kwamba ana dai. Kenya na Tanzania, dai la uzembe kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Mdaiwa akiwa Serikali, muda wa Kenya hupungua hadi miezi 12, na Tanzania lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Wakati anauguza mguu, siku zinahesabika. Achukue nakala ya taarifa ya polisi, atunze kila risiti ya matibabu, apige picha jeraha na mahali lilipotokea, aandike majina ya walioona kabla hawajahitimu na kutawanyika. Na ofisi ya chuo, hata ikijua kwamba dai hilo litaielekea yenyewe, impe nakala ya taarifa ya ajali siku anapoiomba.