Kuzitunza na Kuzirejesha Barua Pepe za Huduma

Utangulizi

Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, alimwagiza Baruku aziweke hati za ununuzi katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi (Yer. 32:14). Miaka kadhaa kabla ya hapo, mfalme Yehoyakimu aliliteketeza gombo la nabii huyo, na Baruku akaliandika jingine kwa kinywa cha Yeremia (Yer. 36:32). Basi kutunza maandishi na kuyarejesha si jambo geni kwa watumishi wa Neno.

Siku hizi barua nyingi za sharika zimo katika kompyuta: maombi ya vyeti vya ubatizo, mashauri ya ndoa, maagizo ya ofisi ya askofu. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ya kuzipanga, jinsi ya kuirejesha iliyofutwa, na wajibu wa kichungaji unaofuata. Mfano wetu ni Thunderbird, programu isiyolipiwa ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004.

1. Kuzipanga

Wengi huziacha barua zote katika kikasha kimoja. Ni afadhali kufungua majalada kwa kufuata kazi, si majina ya watu. Maana mtunza hazina hubadilika, lakini hazina ya usharika hubaki. Chini ya kila jalada la kazi pawe na jalada la kila mwaka. Programu yaweza pia kupewa kanuni, ili barua zitokazo anwani fulani ziingie zenyewe katika jalada lake.

2. Kuirejesha iliyofutwa

Katika mpangilio wa kawaida wa Thunderbird, kila jalada lililohifadhiwa ndani ya kompyuta ni faili moja ndefu ya maandishi, na barua zimefuatana ndani yake. Tukifuta barua, nakala yake hupelekwa katika tupio, na ile ya kwanza hutiwa alama tu ya kwamba imefutwa. Hatuioni tena, lakini maneno yake yangali ndani ya faili. Hata tukilimwaga tupio, maneno hayo hukaa pale mpaka faili ibanwe, yaani programu iondoe kabisa zote zenye alama hiyo.

Kwa hiyo aliyefuta kwa bahati mbaya kwanza atazame tupio. Asipoiona, aifunge programu mara moja, kwa sababu huweza kuzibana faili yenyewe. Kisha anakili folda yote yenye barua mahali pengine, na kuifungua nakala ya faili kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Akitafuta neno analolikumbuka, ataiona barua yake, aweze kuinakili.

Ikiwa hakuna kilichofutwa ila orodha ya barua imevurugika, kosa huwa mara nyingi katika faili ndogo ya faharasa, ambayo jina lake huishia na msf. Programu ikiwa imefungwa, faili hiyo yaweza kuondolewa. Nayo itatengenezwa upya jalada litakapofunguliwa.

Barua za Gmail zina utaratibu mwingine: hukaa katika tupio siku 30, kisha hufutwa.

3. Kufuta si kuangamiza

Hapa ndipo penye uzito. Mchungaji amepokea barua ya mtu anayeungama dhambi yake. Ameisoma, amejibu, ameifuta, naye ana amani moyoni. Baadaye anahamishwa, na kompyuta anaachiwa mwenzake. Njia ile ile iliyotusaidia kurejesha hati ya usharika yaweza kuifunua siri ya toba, ambayo tuliahidi kuitunza siku ya kubarikiwa kwetu.

Basi barua ya namna hiyo ikifutwa, tupio limwagwe na majalada yabanwe. Hata hivyo mabaki huweza kusalia katika diski, na nakala kwa aliyeandika. Kwa hiyo kompyuta isitoke mikononi mwetu kabla diski haijafutwa kabisa na fundi mwaminifu. Tena anayetaka kuungama tumwalike aje tuonane uso kwa uso.

Hitimisho

Mtumishi amekabidhiwa kumbukumbu za usharika na pia siri za watu. Za kwanza azitie katika chombo cha udongo: nakala ya pili, mbali na kompyuta, kila mwezi. Za pili asiziache humo hata siku moja kupita haja.