Mikwaruzo Katika Tangi la Kioo la Samaki

Wako wakulima wa skimu wanaofuga kambale na ngege ambao hulea vifaranga katika tangi la kioo kabla ya kuwatia bwawani. Kioo kina faida kubwa: kila asubuhi mwenye tangi huona kama vifaranga wanakula na kama kuna aliye mgonjwa. Lakini kioo kilichojaa mikwaruzo hakionyeshi vizuri, na ugonjwa hujulikana ukiwa umekwisha kuenea.

Mara nyingi mkosaji ni mchanga. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko kioo. Sponji ikigusa chini ya tangi huokota mchanga, na anayesugua nayo ni kama anachora kioo kwa msumari. Waya wa kusugulia sufuria hudhuru vile vile.

Kwanza upimeni mkwaruzo. Kausha kioo, kisha pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo ni mdogo nao waweza kuondolewa. Ukikwama, mkwaruzo ni wa kina. Usiusugue, maana utaacha bonde na kupunguza unene wa kioo. Kumbukeni kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 40 hubeba kilo 144 likijaa. Kioo chenye ufa kisitiwe maji kamwe; kibadilishwe.

Mkwaruzo mdogo ulio upande wa ndani karibu hauonekani maji yakiwamo. Huo uacheni. Ulio upande wa nje ndio wa kushughulikia, hivi:

1. Hamisha samaki, toa maji na mchanga wote. Osha kioo kwa maji matupu.

2. Pata unga wa kung'arishia vioo uitwao seriamu oksaidi. Waulizeni mafundi wa vioo vya magari. Ukoroge kwa maji uwe kama uji mwepesi.

3. Chovya kitambaa kizito cha sufu, usugue kwa kuzungusha, ukipita kidogo nje ya mkwaruzo. Baada ya dakika 10 futa, utazame, kisha uendelee. Kazi ya mkono ni ya polepole, msikate tamaa.

4. Unga usikauke. Kioo kikipata joto mahali pamoja huweza kupasuka. Ukisikia joto, pumzika.

5. Suuza tangi mara kadhaa, na pembeni pia, mpaka maji yatoke meupe kabisa. Ndipo urudishe samaki.

Msitumie dawa ya kung'arishia shaba, wala sabuni ya madirisha yenye amonia, kwa kuwa amonia huua samaki. Dawa ya meno husaidia tangi la plastiki, kwa sababu plastiki ni laini. Kwa kioo haifanyi kazi ya maana.

Lililo bora ni kuzuia. Sponji ya tangi iwe ya tangi tu, isiende jikoni. Ioshwe kila mara kabla ya kutumiwa, na ikianguka ioshwe tena. Unapofuta ukoga wa kijani, anzia juu, na ukomee upana wa vidole viwili juu ya mchanga.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkulima anayetunza kioo chake leo huona ugonjwa mapema, naye huokoa vifaranga wake.